Nyimbo Zilizonaswa Nyumbani

Ada ya watu ni kukihukumu kitu kwa mahali kilipotoka. Chungu cha fundi mashuhuri husifiwa kabla hakijapikiwa, na chungu cha fundi asiyejulikana hugongwagongwa mara tatu kabla hakijanunuliwa. Desturi hii imeingia katika muziki pia. Albamu, yaani mkusanyo wa nyimbo zilizotolewa pamoja chini ya jina moja, ikinaswa katika studio yenye mitambo ya thamani, hupokewa kwa heshima. Ikinaswa chumbani mwa mtunzi mwenyewe, hupokewa kwa namna mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Wako waidharauo, wakasema kuwa ni kazi ya kubahatisha, isiyopitia mikono ya mafundi. Tena wako waitukuzao, wakasema kuwa hiyo ndiyo kazi ya kweli, kwa kuwa mfanyabiashara hakuitia mkono wake.

Nataka, msomaji, tuzipime hukumu hizi mbili katika mizani moja. Naamini kwamba zote mbili zimekosa, na zimekosa kwa sababu moja: zatazama nyumba, hazisikilizi wimbo. Nyumba si sifa, wala si udhuru. Swali limpasalo mhakiki ni hili: Je, uchache wa vyombo umeingia ndani ya wimbo ukawa sehemu ya maana yake, au umebaki nje ukawa upungufu mtupu? Ili tusibishane hewani, nimechagua albamu mbili zilizonaswa nyumbani. Ya kwanza ni “Nebraska” ya Bruce Springsteen wa Marekani, iliyotoka mwaka 1982. Ya pili ni “Obaa Sima” ya Mghana Yaw Atta-Owusu, ajulikanaye kwa jina la Ata Kak, iliyotoka mwaka 1994. Mmoja wa watunzi hawa alikuwa na kila kitu akachagua kidogo. Mwingine alikuwa na kidogo akakitumia chote. Nyimbo za mmoja zina majonzi, na za mwenziwe zina shangwe. Tukiona jambo moja katika zote mbili, yumkini jambo hilo ni la kweli.

Kwanza yafaa tufahamu habari kidogo ya ufundi. Kwa kawaida wimbo wa bendi haunaswi wote kwa mkupuo mmoja. Kila sauti hupewa njia yake katika utepe: gitaa njia moja, ngoma njia nyingine, mwimbaji njia ya tatu, na kuendelea hivyo. Baadaye fundi huzichanganya, akipandisha hii na kushusha ile, hata zote zikawa wimbo mmoja. Kwa miaka mingi mitambo ya kazi hii ilikuwa mikubwa kama kabati, na bei yake haikukaribiwa na mtu wa kawaida. Aliyekuwa na wimbo hakuwa na budi kwenda kwa aliyekuwa na mtambo, na mwenye mtambo ndiye aliyeamua nani asikike na nani arudi kwao kimya. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ya Japani ilitoa mashine ndogo iliyoitwa Portastudio. Mashine hiyo ilikaa juu ya meza, ilitumia kaseti ya kawaida, na ilikuwa na njia nne. Njia nne si nyingi, lakini kwa mtu aliyekuwa hana hata moja, ni mali. Mlango uliokuwa na bawabu ukapata ufa.

Springsteen hakuwa mmoja wa waliokuwa wakingoja nje ya mlango huo. Albamu yake ya mwaka 1980, “The River”, ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza katika orodha ya mauzo ya Marekani. Lakini kazi ile ilikula muda mrefu na fedha nyingi studioni, kwa sababu nyimbo zilikuwa zikitungwa huku saa za kukodi zikihesabiwa. Safari hii alitaka afike studioni akiwa na nyimbo zilizokwisha kukomaa. Basi msaidizi wake akamnunulia Portastudio, ikawekwa katika chumba cha kulala cha nyumba aliyopanga huko Colts Neck, katika jimbo la New Jersey. Mwanzoni mwa Januari 1982 aliketi akanasa sehemu kubwa ya nyimbo zake. Alikuwa na maikrofoni mbili, gitaa, harmonika na sauti yake. Njia zilizobaki alizitia sauti ya pili, tari, au chombo kingine kidogo. Hakukusudia kaseti ile iuzwe. Ilikuwa kielelezo cha kuwaonyesha wenzake wa bendi. Aliichukua mfukoni mwa suruali yake kwa majuma kadhaa, wala haikuwa hata na kasha.

Sasa msikilize aliyoyatunga. Wimbo wa kwanza, wenye jina moja na albamu, unasemwa na muuaji. Ni kisa cha Charles Starkweather, kijana aliyewaua watu 11 katika majimbo ya Nebraska na Wyoming, mwaka 1957 na 1958. Mtunzi hamlaani muuaji huyo wala hamtetei. Humwachia nafasi aseme, naye husema kwa sauti ya chini, kama mtu asimuliaye habari za mvua iliyonyesha jana. Katika wimbo uitwao “Johnny 99” twakutana na mfanyakazi ambaye kiwanda chake cha magari kimefungwa. Amekosa kazi, amelewa, amempiga mtu risasi, na hakimu amempa kifungo cha miaka 99. Katika “Highway Patrolman” yuko askari mwaminifu mwenye ndugu mkorofi. Usiku mmoja ndugu yule anamjeruhi mtu na kukimbia. Askari anamfuata kwa gari mpaka karibu na mpaka wa Kanada. Kisha anasimama kando ya barabara, akazitazama taa za gari la ndugu yake zikipotelea mbali. Wajibu umemvuta huku na udugu umemvuta kule, na wimbo haumwambii msikilizaji upi ulistahili kushinda.

Watu hawa wote wana msiba mmoja: hawana wa kumwambia. Muuaji yu peke yake mbele ya kifo, mfungwa yu peke yake mbele ya hakimu, na askari yu peke yake barabarani. Sasa mtu asiye na wa kumwambia, utampangia safu ya tarumbeta nyuma yake? Gitaa moja ndilo limfaalo, na hilo nalo lipigwe kama mtu anayejipigia mwenyewe. Katika “State Trooper”, wimbo wa mtu aendeshaye gari usiku akiomba askari asimsimamishe, gitaa hurudiarudia pigo lile lile karibu bila kubadilika, mpaka msikilizaji mwenyewe aanze kuogopa kile asichokijua. Hata ule uvumi mdogo wa utepe, ambao fundi wa studio angeufuta, hapa wasikika kama ukimya wa nyumba iliyolala. Uchache umeingia ndani ya maana. Ukiuondoa, umeondoa na wimbo.

Msomaji mwangalifu ataniuliza: Wajuaje kwamba ni uchache uliofanya kazi hiyo, wala si utunzi peke yake? Swali ni la haki, na kwa bahati njema tunao ushahidi. Katika mwaka ule ule wa 1982 Springsteen alizipeleka nyimbo hizo studioni New York pamoja na bendi yake, E Street Band. Walikuwa wapigaji hodari, na vyombo havikupungua. Wakazipiga, lakini wale watu wapweke wakamezwa na vishindo. Maneno yalikuwa yale yale, tuni ilikuwa ile ile, lakini siri iliyokuwa ikinong’onwa ilianza kutangazwa. Mwishowe waliamua kuitoa kaseti ya chumbani kama ilivyokuwa, nayo ikatoka tarehe 30 Septemba 1982. Mafundi walipata taabu kubwa kuihamisha sauti yake dhaifu kwenye santuri, lakini waliihamisha. Baadhi ya nyimbo zilizopigwa na bendi zilitolewa hadharani mwaka 2025, hata sasa kila mwenye masikio aweza kulinganisha na kuamua mwenyewe.

Ushahidi huu, hata hivyo, una upande wa pili, nao waitukuzao nyumba hawapendi kuutaja. Miongoni mwa nyimbo alizonasa katika chumba kile kile kulikuwa na mmoja ulioitwa “Born in the U.S.A.”, habari ya askari aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akakuta hana kazi wala nafasi katika nchi aliyoipigania. Nakala yake ya chumbani ilikuja kutolewa mwaka 1998. Ukiisikiliza utaona kwamba maneno ni mazito, lakini wimbo umejikunja. Hasira yake haina dari ya kutosha. Bendi ilipoupiga, kwa ngoma zenye kishindo na kinanda kinachorudia mwito mmoja, wimbo ulisimama wima, na ulipotolewa mwaka 1984 ulisikika dunia nzima. Tena hapo hapo ukapatwa na hasara yake. Kishindo kile kiliwafanya wengi wadhani kwamba huu ni wimbo wa kujigamba kwa taifa, kwa maana walisikia kiitikio wasisikie kisa. Basi studio ilitoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mkono mwingine.

Nyumba ilikuwa moja, mashine ilikuwa moja, mtunzi alikuwa mmoja. Wimbo mmoja ulikamilika chumbani, na mwingine ulihitaji uwanja. Kama nyumba ingekuwa sifa, nyimbo zote mbili zingalikuwa bora nyumbani. Kama nyumba ingekuwa upungufu, zote mbili zingalikuwa hafifu. Kwa hiyo si nyumba iliyoamua, bali ni aina ya jambo lililokuwa likisemwa, na sikio la mtunzi aliyejua lipi lisemwe wapi.

Wewe uliyefundishwa ushairi wa Kiswahili hutashangazwa sana na neno hili. Mtunzi wa tarbia hupewa mishororo minne katika kila ubeti, na aghalabu mizani 16 katika kila mshororo, nane kwa nane, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Asiye mtunzi huona kuwa hizo ni pingu. Mtunzi huona kuwa ni kuta za chumba ambamo sauti yake itarudi na kusikika. Kwa kuwa hawezi kuongeza mshororo wa tano, hana budi kuchagua neno, na kwa kuwa amechagua, neno lililobaki hubeba uzito wa yale yaliyoachwa. Njia nne za Portastudio ni ndugu wa mishororo minne. Ukiitia tari, huenda sauti ya pili ikakosa pa kukaa. Kila kitu kiingiacho hulipa kodi. Ndiyo maana harmonika ikilia katika “Nebraska” msikilizaji hushtuka: katika nyumba isiyo na vitu, kiti kimoja kikisogezwa, wote husikia.

Lakini tusije tukadhani kwamba chumba ni mahali pa majonzi peke yake. Natufunge safari hadi Toronto, nchini Kanada, tumtazame Ata Kak. Mtunzi huyu alitoka Ghana akaishi Ujerumani katika miaka ya 1980, kisha akahamia Toronto. Alikwisha kupiga muziki katika bendi za watu wengine. Sasa alitaka kazi iliyo yake mwenyewe. Hakuna kampuni iliyomngojea. Alipata kinanda cha umeme, kompyuta na mashine ya kunasia sauti, akajifundisha kuvitumia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatengeneza nyumbani nyimbo saba. Maana ya “Obaa Sima” ni mwanamke aliye kamili. Lugha ni Twi, mojawapo ya lugha za Waakan wa Ghana. Mtunzi huimba, kisha hufokafoka, yaani husema maneno kwa kasi juu ya mapigo kama walivyofanya vijana wa miji ya Marekani, na sauti ya mwanamke humwitikia. Chini yake husikika mchanganyiko wa miondoko ya highlife, muziki mashuhuri wa Ghana, na miondoko ya kumbi za dansi za wakati ule.

Hapa mtunzi alikuwa na hatari nyingine. Ngoma ya mashine haina mkono wala pumzi. Mtunzi asiye na akili huilazimisha ijifanye ngoma ya mtu, ikawa kama mtu wa nta, karibu hai lakini haipumui. Ata Kak hakufanya hivyo. Aliiacha iwe mashine: kavu, kali, sawasawa, isiyochoka. Kisha juu ya ukavu huo aliiweka sauti yake, na sauti ndiyo ichezayo. Yapanda na kushuka, yaikimbilia ngoma na kuipita, yaacha maneno ikaimba silabi tupu kwa furaha, yarudi ikacheka. Kama ngoma ingalikuwa laini, mchezo huo ungalipotea ndani yake. Kwa kuwa ngoma ni ukuta, mchezaji aonekana.

Tena sikiliza jinsi mtu huyu alivyojigawa. Katika ngoma ya harusi yuko mwitaji, wako waitikiaji, yuko apigaye vigelegele, na wako wachezao tu. Ata Kak alikuwa ughaibuni, mbali na kadamnasi ya namna hiyo. Vyombo vyote ni vyake, mwito ni wake, na sehemu kubwa ya mwitiko ni wake. Mimi naisikia albamu hii kama karamu iliyoandaliwa na mtu aliyewakosa wageni, akaketi katika viti vyote mwenyewe, wala haoni haya. Shangwe yake yatoka hapo. Bendi kubwa yenye wapigaji kumi ingeweza kutoa muziki mtamu zaidi, lakini ingekuwa shangwe ya watu waliokwisha kukutana. Hii ni shangwe ya mtu anayewaita watu waje. Basi hapa pia uchache umeingia ndani ya wimbo, ingawa umetoa matunda yaliyo kinyume kabisa na yale ya “Nebraska”.

Haki yataka nitaje na kasoro. Katika “Nebraska” baadhi ya tuni zafanana mno, na msikilizaji asiyefuata maneno ya Kiingereza aweza kuchoka kabla ya wimbo wa kumi. Katika “Obaa Sima” sauti za kinanda mahali pengine ni nyembamba kama karatasi, na mwendo wa ngoma waenda kasi ile ile kwa muda mrefu kuliko ilivyolazimu. Kasoro hizi ni kasoro. Msifiaji mwepesi husema, “Haidhuru, zilinaswa nyumbani.” Mimi nasema zinadhuru, ila hazikushinda uzuri uliopo. Kumsamehe mtunzi kwa sababu ya chumba chake ni kumdharau kwa maneno ya upole.

Limebaki jambo zito kuliko yote, nalo ni uhuru. Kazi ya nyumbani husifiwa kuwa ni kazi huru. Lakini uhuru una sehemu mbili, na mara nyingi watu hutaja moja tu. Uko uhuru wa kutunga, na uko uwezo wa kufikisha. Springsteen alinasa chumbani bila kuamriwa na mtu, lakini albamu yake ilipotoka ilikuwa na kampuni kubwa, Columbia, ya kuichapisha na kuisambaza. Haikupata ziara ya maonyesho, na hata hivyo ilifika nafasi ya tatu katika orodha ya mauzo ya nchini mwake. Ata Kak alikuwa huru kutunga na huru kuuza, yaani hakuwa na mtu wa kumwamuru wala mtu wa kumsaidia. Kaseti zake zilitengenezwa Ghana mwaka 1994, nakala kama 50 tu, na zilizouzwa zilikuwa chache sana. Kisha kimya.

Mwaka 2002 kijana wa Kimarekani aliyekuja Ghana kusoma habari za muziki, Brian Shimkovitz, alinunua nakala moja kwa mchuuzi wa kando ya barabara huko Cape Coast. Mwaka 2006 aliutia muziki ule katika intaneti, nao ukapendwa na watu wa nchi nyingi ambao hawakujua hata neno moja la Twi. Walilijua jina lililoandikwa juu ya kaseti, lakini mwenye jina hawakumjua yuko wapi. Shimkovitz alimtafuta kwa miaka. Alipopatikana na kukubali, albamu ilitolewa upya mwaka 2015. Hapo ikaonekana hasara nyingine: utepe wa asili ulikuwa umeharibika, ikabidi kazi ifanywe kutokana na kaseti iliyonunuliwa barabarani. Kama nakala ile moja ingalitupwa, huenda leo mimi nisingalikuwa na la kukuandikia.

Tafakari jambo hili, msomaji. Nyimbo za mwaka 1994 na nyimbo za mwaka 2015 zilikuwa nyimbo zile zile. Mtunzi hakuongeza silabi, wala hakupunguza pigo. Basi ile miaka 21 ya kimya ilikuwa hukumu juu ya nini? Haikuwa hukumu juu ya wimbo. Soko halikuikataa albamu ile, soko halikuisikia. Lakini ni wazi kwamba wengi, kama wangaliambiwa habari za kaseti iliyouza nakala chache, wangalisema: “Ingalikuwa nzuri, ingaliuzwa.” Huku ndiko kuhukumu kwa mahali na kwa bei. Mhakiki aliyeridhika na hukumu hiyo ameuza sikio lake.

Nimeyasema haya kwa sababu habari hii si ya Marekani wala ya Ghana peke yake. Katika miaka ya 1960 mwimbaji wa Kenya aliyetaka sauti yake iingie katika santuri hakuwa na njia ila kupitia kwa wenye mitambo. Leo simu moja ya mkononi huweza kunasa njia nyingi kuliko Portastudio, na yamkini darasani mwenu yuko mwanafunzi aliyekwisha kunasa nyimbo zake usiku, wengine wamelala. Ufa wa mlango umekuwa mlango wazi. Hatari nayo imegeuka sura. Zamani mtunzi alibanwa na uhaba. Sasa aweza kuzama katika wingi. Akitaka ngoma 20, azo. Akitaka sauti yake irudiwe mara 40, haimgharimu kitu. Kwa kuwa hakuna kiingiacho kwa kulipa kodi, aweza kujaza nyumba vitu mpaka mwenye nyumba asionekane. Mtunzi wa leo hana budi kujijengea kuta mwenyewe, kama mshairi ajiwekeavyo vina asivyolazimishwa na serikali yoyote.

Nawe utakapotakiwa kuuhakiki wimbo wa namna hii, jiulize mambo matatu. Kwanza, ni nani asemaye katika wimbo, naye asema na nani? Pili, vyombo vilivyomo vyamsaidia mtu huyo kusema, au vyamziba mdomo? Tatu, kama ungeondoa kimoja, wimbo ungelia au usingejua? Ukikwisha kujibu hayo, hapo ndipo uulize ulinaswa wapi, maana swali hilo halitakupotosha tena. Na kama mtunzi ni mwenzako wa darasani, usimwambie kwamba amejitahidi kwa kuwa hana vyombo, wala usimwambie angojee mpaka apate studio. Mwambie ni ubeti gani ulikugusa na ni upi ulikuchosha, na kwa nini. Hiyo ndiyo heshima astahiliyo mtunzi, akiwa Colts Neck, akiwa Toronto, au akiwa katika bweni lenu. Kisha mshauri aweke nakala ya pili ya kazi yake mahali pa salama, asije akategemea fadhila ya mchuuzi wa kando ya barabara.